Siku Themanini na Nne

Dada yangu, anayeishi na mama, alinipigia simu nikiwa kwenye ngazi za ghorofa ya pili, nimekumbatia mafaili kumi na moja. Hata salamu hakutoa.

"Mama ameanza kusahau watu. Jana kaniita kwa jina la shangazi. Kamfukuza mjukuu wake, akidhani ni mwizi. Wewe bado anakutaja kila siku. Njoo kabla zamu yako haijafika."

Mimi nilikuwa tarishi wa serikali. Kwa miaka kumi na miwili nilichukua mafaili masijala, yanakotunzwa, nikayafikisha kwa wakubwa na kungoja sahihi mlangoni. Waliniita Mama Faili. Mtumishi ana haki ya siku ishirini na nane za likizo kila mwaka, kwa mshahara kamili. Mimi sikuwa nimechukua hata moja mwaka juzi, mwaka jana wala mwaka ule. Kila ratiba ya likizo ilipobandikwa, alitokea mwenye harusi au mwenye watoto wa shule, nami nikampisha. Kwa hesabu yangu nilikuwa na siku themanini na nne, zimelala salama zikinisubiri.

Fomu niliijaza mwenyewe. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu katika darasa la kisomo cha watu wazima. Mwandiko wangu ulikuwa mkubwa, lakini ulisomeka. Idadi ya siku: 84. Mahali utakapokuwa: kwa mama.

Afisa Utumishi aliisoma, kisha akapaza sauti kuelekea chumba cha pili.

"Jamani, njooni muone! Mama Faili anaomba likizo ya uzazi ya tembo!"

Katibu Muhtasi na Karani wa Masijala walikuja, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilitabasamu, nikiamini kwamba mzaha ukiisha atasaini.

"Mama, hamsini na sita kati ya hizi zimekufa," alisema. "Siku usizochukua hufa mwaka unapokwisha, isipokuwa uwe umeomba kwa maandishi ziahirishwe, na mkuu akakubali."

"Lakini wewe mwenyewe uliniambia siku zangu zipo, mwanangu. Ulisema haziozi."

"Nilisema nikiwa wapi?"

"Hapo mlangoni."

"Basi kauulize mlango."

Alifungua kabati, akanitandazia karatasi za rangi ya waridi. "Fomu za kuahirisha. Hii ya Katibu Muhtasi. Hii ya Karani. Hii yangu. Nani alizipeleka kwa mkuu?"

"Mimi."

"Kila Desemba, mama. Umezibeba kwa mikono yako, tena ukakaa kwenye benchi kuzisubiri."

Nilizitambua kwa rangi. Nilikuwa nikiziweka katikati ya mafaili ili zisikunjamane.

Siku za mwaka ule zilikuwepo, ila nilikuwa nimempa Katibu Muhtasi mwezi wangu wa Juni, nami nikaandikwa Novemba. Tulikuwa Agosti. Kitengo cha masijala hakikuruhusiwa kuondokewa na watu wawili kwa pamoja, na Karani alikuwa aanze likizo yake Jumatatu. Nilimfuata tubadilishane.

"Nipishe, mwanangu. Mama yangu anapoteza kumbukumbu."

"Pole sana. Ila bado anakukumbuka?"

"Kwa sasa, ndiyo."

"Akishakusahau, basi, hatajua kama ulichelewa." Alicheka, akaona sicheki. "Usininunie, Mama Faili. Napaka nyumba rangi, na rangi imeshakorogwa."

Nilirudi kwa Afisa kuomba likizo ya dharura.

"Hiyo ni ya msiba, au ugonjwa wenye cheti. Kusahau si msiba. Siku atakapofariki njoo, hutangoja hata dakika kumi."

Nilimwandikia mkuu. Jalada lilikaa mezani kwake wiki mbili, kisha nikaitwa nilishushe kwa Afisa. Nililifungua ngazini, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Ndani yake, kwa wino wa kijani, kulikuwa na maneno mawili: *Afuate ratiba.*

Jioni ile dada alipiga tena. "Leo hajakutaja."

Asubuhi sikwenda ofisini. Nilikwenda stendi. Nilijua kwamba siku tano za kazi bila ruhusa humwondoa mtumishi. Barua za namna hiyo nilikuwa nimezibeba nyingi.

Nilimkuta mama amekaa kitandani, akikunja shuka, akilikunjua, akilikunja tena.

"Karibu," alisema. "Umetumwa na nani?"

"Ni mimi, mama. Ni mwanao."

Aliniangalia viatu, akapandisha macho polepole hadi usoni. "Mwanangu ni mtumishi wa serikali. Anakuja Novemba. Hatoki kazini ovyo ovyo kama watu wengine."

Dada, aliyekuwa amemwambia hiyo Novemba ili kumtuliza, aligeukia ukutani.

Nilibaki. Nilimwogesha, nikamchana nywele, nikimtajia kila asubuhi mimi ni nani; naye kila asubuhi alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgeni mwongo. Siku ya sita ya kazi Afisa alipiga simu.

"Mama Faili, barua yako ya kuachishwa kazi iko tayari. Shida ni moja tu: tarishi wa kuileta ni wewe." Nyuma yake nilimsikia Katibu Muhtasi akikohoa kwa kicheko.

Nilipokata simu, mama alikuwa akinitazama. Alinyoosha mkono, akanishika kidole kimoja. Nilisogea karibu.

"Naona huna kazi, maskini," aliniambia kwa upole. "Usilie. Mwanangu akifika Novemba, nitamwomba akuingize serikalini."

"Ahsante, mama," nilimjibu.