Nusu ya Mkasi

Mama na Mkasi hawakuwa wakisemezana. Siku ile walilazimika kutukanana, nami kwa moyo wangu mweupe nikahesabu kuwa ni maendeleo.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa ubao wa plaiwudi. Upande wa dirishani alishona mama yangu, ambaye wateja humwita Pini kwa sababu huongea na watu huku amezibana pini mdomoni. Upande wa mlangoni alikata vitambaa mama mdogo. Si ndugu yetu wa damu, ila nimemwita hivyo tangu nijue kusema. Mtaa mzima humwita Mkasi. Zamani ubao haukuwepo. Mama alikuja nao ghafla, yeye na seremala, akausimamisha bila kumweleza mtu sababu. Hata mimi hakuniambia.

Kitu kimoja tu hawakuweza kukigawa: ukurasa wa duka mtandaoni, ambako wateja waliweka oda na vipimo. Simu ya duka ilikaa kwenye tundu lililotobolewa katika ubao, kila upande ukaisoma kwa zamu. Asubuhi hiyo ikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya pasi. Kabla haijazama, walikuwa wamewahi kusoma ujumbe wa muuguzi mkuu: vipimo vya sare za wauguzi wote ameviweka humo, na kabla ya jioni anataka ajibiwe humohumo bei na siku ya kuanza. Oda ya namna hiyo ingewavusha mwaka. Fundi wa ng'ambo ya barabara naye alikuwa akiitaka kwa udi na uvumba.

Nilipoitwa niwasaidie, niliwakuta wamesimama kila mmoja kwenye ncha ya ubao.

"Mwambie mama yako mdogo," Mama alisema, "simu si kitambaa, haifuliwi."

"Mwambie mama yako," Mkasi akajibu, "aliyeweka ndoo chini ya tundu hana akili au ana nia mbaya. Achague."

"Jamani," nikasema, "hebu kila mmoja aseme anavyojisikia."

Wote wawili walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeizamisha simu.

"Huo usomi wako urudishe ulikoutoa," alisema Mama. "Fungua ukurasa."

Niliufungua kwenye simu yangu, ukadai nenosiri. Simu iliyozama ilikuwa ikilikumbuka yenyewe. Hakuna aliyeliandika kwa miaka. Nikajaribu njia ya kutumiwa namba za siri, lakini zilikwenda kwenye laini ya zamani ambayo sasa ni ya mtu mwingine. Nilimpigia mtu huyo, nikamsihi. Aliniita tapeli, akanikatia.

Basi ikabidi tulikumbuke. Hapo ndipo nilipojua walivyolitengeneza. Kila mmoja aliandika nusu yake huku mwenzake amegeukia ukuta, ili asitokee wa kumzunguka mwenzake. Nusu ya Mama ilikuwa mwaka niliozaliwa. Nusu ya Mkasi haikumjia.

"Ulipewa nusu ya kubeba, ukaiangusha," Mama alisema. "Huyu mtu hata kivuli chake hujikwaa nacho."

"Nipe hiyo simu, mwanangu," Mkasi akaniambia.

Mkasi aliandika huku akinong'ona kila herufi, kama anavyofanya siku zote: jina la mumewe. Halikukubali. Akanong'ona jina la paka wake. Halikukubali. Ukurasa ukatoa onyo kwa maandishi mekundu: tukikosea mara moja zaidi, utafungwa mpaka kesho.

"Kesho muuguzi atakuwa kwa jirani," nikasema.

"Kwa sababu ya kichwa cha mtu mmoja," Mama alisema.

"Na kiburi cha mwingine! Nani aliyeleta ubao humu? Nilikukosea nini, Pini? Nakuuliza mbele ya mwanao. Umeninunia miaka, hunipi hata salamu, hunipi hata sababu. Mchawi naye huambiwa kosa lake!"

Mama alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kifuani mwa gauni lake. Sikuwahi kumwona akizitoa zote mchana.

"Pinimwizi," alisema.

Nilidhani ni tusi jipya.

"Andika," akaniambia. "Pinimwizi. Herufi ndogo zote, halafu mwaka wako."

Niliandika. Ukurasa ukafunguka, na vipimo vya wauguzi vikajipanga mbele yetu: mabega, kiuno, urefu wa mikono. Hakuna aliyevitazama.

Mkasi ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe ulichungulia! Tulikubaliana kugeukia ukuta!"

"Niligeuza macho. Masikio sikuyageuza. Wewe ukiandika hunong'ona kama mtoto anayejifunza kusoma. Nikakusikia, herufi baada ya herufi, ukiniita mwizi."

"Siku ile..." Mkasi alikaa kwenye kigoda. "Siku ile mkasi wangu mkubwa ulipotea. Nikakudhania wewe. Niliuona jioni ileile chini ya mabaki ya vitambaa."

"Jioni ileile?"

"Ileile."

"Na neno ukaliacha."

"Nililisahau! Simu ilikuwa ikifungua yenyewe."

"Mimi nilikuona ukifungua duka letu kila asubuhi kwa jina la mwizi," Mama alisema. "Nikangoja ulibadilishe. Nilipochoka kungoja, nikamwita seremala."

"Ungesema!"

"Ungeomba radhi!"

"Ningeomba radhi ya kitu nilichokisahau?"

Kweli mtenda husahau, mtendwa hasahau. Nilitaka kuwashika mikono wote wawili. Nilikwisha kuunyoosha wangu. Mama aliutazama, nikaurudisha.

"Mjibu muuguzi," alisema. "Bei ile ya zamani. Huyu akate, mimi nishone. Sisemi zaidi ya hapo."

Nikaandika kwamba wataanza kesho. Kisha nikawaeleza kuwa lazima tuweke nenosiri jipya, nikaongeza, kwa matumaini ambayo hata sasa siyaonei haya, kwamba safari hii wanaweza kuliandika pamoja, waziwazi.

"Nusu nusu," Mama alisema, akaichukua simu, akabonyeza yake, akanirudishia.

Nikampa Mkasi. Kabla ya kubonyeza chochote, alimgeukia Mama.

"Pini," alisema. "Njoo uone ninachoandika."

"Nililolisikia siku ile linanitosha."

Mama alizunguka ubao, akaketi kwenye cherehani yake, uso ukutani. Mkasi aliinamia simu, na midomo yake ikaanza kucheza, hakuweza kuizuia. Nilisikia herufi ya kwanza. Nikasikia na ya pili.

Mara cherehani ikanguruma. Niliinua shingo juu ya ubao. Mama alikuwa akikanyaga pedali kwa nguvu zake zote, sindano ikipanda na kushuka, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Alikanyaga hivyo mpaka Mkasi alipomaliza.