Mzigo wa Kupimia Lori

Lori langu lilikuwa likilia kila lilipopanda mlima wa Mampong, ka-ka-ka, kama mtwanga fufu anayepiga ukingo wa kinu. Likishashusha viazi vikuu Kumasi, linarudi kimya, adabu tupu. Barima, mwanangu na dereva wangu, alisema difu, ile gia kubwa ya ekseli ya nyuma, imekufa. Fundi Asiedu wa hapa Ejura akalizungusha uwanjani kwake, akasikiliza, akasema haoni kitu, labda masikio ya dereva. Barima akanuna. Akaapa kwamba msimu mpya hautamkuta kwenye usukani ule, akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje Jumamosi.

Lori hilo nililinunua kwa viazi vyangu, marehemu mume wangu akinicheka. Nimekaa kiti cha mbele mpaka makalio yangu yanaijua kila gia. Leo niliuze kwa kilo, kama mbuzi mgonjwa?

Ijumaa asubuhi nikamwendea Asiedu. Nikamwambia lori linalia likiwa limebeba, naye analisikiliza likiwa tupu. Akakuna kidevu, akakubali. Lakini mzigo uko wapi, akauliza, na viazi vyote vimeuzwa?

Nikaenda sokoni kwa Konadu, jirani yangu wa kibanda, mwanamke ambaye viti vya plastiki vikimwona vinatetemeka.

"Konadu, nataka uzito."

"Wa nani?"

"Wako. Na wa hawa wenzetu wote."

Akajifuta mikono kwa kanga, taratibu. "Nilijua siku yangu itafika."

Soko likahamia kwenye lori. Afriyie, mwenzetu wa sokoni, mwembamba kama mwiko, alizuiwa mlangoni. Akaenda zake, akarudi amekumbatia jiwe la kusagia, akapanda. Springi zikalala. Asiedu aling'oa ubao mmoja wa sakafu katikati yetu, akalala kifudifudi, kichwa kwenye tundu, akiitazama propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma.

Barima akashika usukani. Mlimani, sauti ikaanza. Ka-ka-ka.

"Akina mama, sogeeni mbele," Asiedu akasema kutoka tunduni.

Tukasogea. Sauti ikafifia, ikafa.

"Rudini nyuma."

Ikafufuka.

"Wee fundi," Konadu akasema, "umetuona ng'ombe?"

"Nimewaona mizani, mama. Rudini mbele tena kidogo."

Aliponyanyua kichwa, uso ulikuwa vumbi tupu na meno. Beringi ya katikati, inayoishikilia propela, raba yake ilikuwa imeoza. Nyuma ikilemewa, propela inacheza na kugonga fremu. Likiwa tupu, haigusi kitu.

"Difu yako nzima," akamwambia Barima. "Na masikio yako mazima pia. Nilikukosea."

Barima akaanza kupiga mluzi.

Beringi ilifungwa jioni ile ile. Jumamosi mnunuzi wa chuma chakavu alitukuta tunapanda lorini, maana wanawake walikataa kuamini mpaka waupande mlima tena. Akaniuliza mzigo huu wote unakwenda wapi. Nikamwambia hauendi popote, tunajipima tu, na yeye arudi na mizani yake nyumbani.

Tulipofika mlimani, Barima akazima redio ili asikilize. Hakusikia chochote, ila wanawake huko nyuma wakibishana ni nani aliyelitibu lori kwa uzito wake, na Afriyie akidai lile jiwe lake lihesabiwe.