Nani Alikata Uzi Wangu

Siku waliyokuja kuninyang'anya pikipiki yangu, wanangu walivaa kama wanakwenda msibani. Mkubwa, kifungua mimba wangu, tunamwita Meneja tangu utotoni kwa sababu alipenda kugawa kazi asizozifanya yeye, na baadaye wajinga wengine wakampa cheo hicho hicho kwa mshahara. Alivaa suti nyeusi. Mdogo wake wa kike, Nesi, ambaye kweli ni nesi, alivaa gauni jeusi. Wakaketi kwenye kochi langu magoti yamebanana, wakanitazama kwa huruma. Huruma ya mtoto wa kumzaa mwenyewe inauma kuliko tusi la jirani.

"Mama," Meneja akaanza, "tumekaa kikao."

"Wapi?"

"Kwenye simu. Mimi na huyu."

"Kikao cha nini?"

"Chako, Mama."

"Na mimi nilikuwepo?"

Nesi akadakia. "Mama, jamani, tunakupenda. Umri umekwenda, na juzi umeanguka."

Ngoja niwaambie kuhusu huko kuanguka, maana wameshakutangaza mpaka kwa wasionijua. Nilianguka nimesimama. Nilikuwa nimefika kwa mteja, nimezima injini, stendi sikuikanyaga vizuri, pikipiki ikanilalia, tukaenda chini polepole kama wazee wawili wanaotafuta pa kukaa. Goti likachubuka. Basi! Nesi akanifunga bendeji mpaka nikafanana na mguu wa meza inayohamishwa nyumba.

Mimi ni fundi wa vyerehani. Sishoni; natengeneza mashine za wanaoshona. Cherehani ni kitu kizito, hakibebwi kwapani, kwa hiyo fundi ndiye anayekifuata. Nyuma ya pikipiki nimefunga sanduku la bati lenye bisibisi, mikanda, sindano na kikopo changu cha mafuta. Kuninyang'anya pikipiki ni kuninyang'anya kazi. Lakini nisiwe mnafiki. Kazi ilikuwa nusu yake tu.

Pikipiki ile ilikuwa ya marehemu mume wangu. Alipokuwa hai nilikaa nyuma, ubavu, miguu yote upande mmoja kama mke wa mtu anavyotakiwa. Ukikaa hivyo huoni barabara. Miaka yote ile dunia yangu ilikuwa shingo ya mume wangu. Ilikuwa shingo nzuri, sikatai, lakini shingo ni shingo. Alipofariki, watu walipomaliza kulia na kurudi makwao, nilisogea mbele kiti kimoja. Ni hilo tu nililofanya. Waliosema nimechanganyikiwa na ujane walisema. Mimi nilikuwa nimeshapita.

Maana mwanamke, tangu apate miguu, anaulizwa unaenda wapi. Baba anauliza. Kaka anauliza, hata yule mdogo uliyemfuta kamasi. Mume anauliza. Ukizeeka ukadhani wote wa kukuuliza wamekwisha, wanao wanapokea zamu. Juu ya pikipiki, mtu akifungua mdomo, "Mama, unaenda w...", mimi nimeshapiga kiki, injini imeimeza hiyo "wapi" na kuitema kwa nyuma pamoja na moshi. Anabaki na nusu ya swali. Na upepo unaniingia kwenye mikono ya gauni, unanijaza, nakuwa mnene kama mke wa tajiri. Mara nyingine nilikuwa nafika kwa mteja, naupita mlango wake, nazunguka mpaka kwenye daraja ndipo narudi. Sikuwa na sababu. Ndiyo raha yenyewe, kutokuwa na sababu.

Sasa hawa wawili, niliowabeba mgongoni, wanataka kunirudisha kwenye shingo.

"Pikipiki nitaiweka kwangu, bandani," alisema Meneja. "Ipumzike mpaka Nesi apate mnunuzi. Haitaguswa na mtu. Na wewe, Mama, popote unapotaka kwenda, sema tu. Nitakupeleka."

"Kwa gari?"

"Kwa gari. Kiti laini, kiyoyozi."

Nikapandisha mori. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa, wajukuu wangu wanajua kusoma. Nesi akajaribu kunishika mkono. "Mama, hasira hasara."

"Hasara imeshaingia, mwanangu. Sasa ni zamu ya hasira."

Lakini walikuwa wawili, na Meneja alishachukua ufunguo kwenye msumari wake ukutani. Nikasema sawa, ila naipeleka mwenyewe na kuifunika mwenyewe. Nikaiendesha hadi kwake, yeye nyuma yangu na gari lake, taa zikimwekamweka kama nimebeba maiti. Bandani nikaifunika turubai. Kabla ya kuifunika nikatoa uzi mwekundu mfukoni, nikaufunga kutoka kwenye njiti ya gurudumu la mbele mpaka kwenye chuma kinachoshika gurudumu lenyewe, nikakaza fundo, nikakata kwa jino.

Hii ni desturi yangu ya kazi. Nikiacha cherehani ya mtu nusu matengenezo nikafuate kifaa, nalifunga gurudumu lake uzi mwekundu. Mwenye mashine akishindwa kuvumilia akaizungusha, uzi unakatika, na mimi nikirudi najua nani kaharibu nini.

Meneja akacheka. "Mama bado una uzi wako tu! Nimekwambia haitaguswa."

"Mimi nafunga tu, baba. Mikono imezoea."

Basi nikaanza kusema tu, anipeleke.

Siku ya kwanza alikuja. Akanifunga mkanda wa kiti mwenyewe, kama mtu anayefunga mzigo usimwagike. Vioo juu, kiyoyozi kinanipuliza kama samaki wa kuuzwa. Simu yake ikalia kutoka mlangoni kwangu hadi kwa mteja. "Ndiyo, mkuu. Niko njiani, mkuu. Nakuja, mke wangu. Niko wapi? Niko na Mama." Tulipofika hakuzima gari.

"Utachukua muda gani?"

"Mpaka cherehani ipone."

"Nipe makadirio, Mama."

"Nikupe makadirio? Mimi nilikudai makadirio ulipokuwa unachelewa kuzaliwa?"

Safari iliyofuata aliuliza kama lazima iwe leo. Halafu ikawa kesho. Halafu simu ikawa inaita haipokelewi. Mteja wangu mmoja, mama anayeshona sare za shule, mashine yake ilikwama na watoto wanakaribia kufungua. Alinisubiri weee, mwisho akaita fundi mwingine, kijana mmoja anayetia mafuta kwenye cherehani kama anakaanga. Akanipigia kuniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba radhi! Nilikaa dirishani nikasikiliza pikipiki za watu zikipita, na kila moja niliitambua gia zake, na kila moja niliitukana.

Nesi alikuja kubadilisha bendeji ya goti lililopona zamani. Akawa analalamika. "Mama, mimi simwelewi kaka. Nimempelekea mnunuzi, amemkataa. Nimempelekea wa pili, eti aje wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, akasema mnunuzi mwenyewe hana sura ya kutunza chombo."

"Siku gani huwa anapatikana?"

"Siku yoyote isipokuwa Jumamosi asubuhi. Jumamosi anakwenda mazoezini."

Nikamtazama. Mwanangu Meneja, mazoezini. Yule hupumzika katikati ya kufunga kamba za viatu.

Jumamosi nikaenda kwake kwa miguu, na kila hatua ilinizidishia hasira. Nilipofika, geti dogo lilikuwa wazi. Nikapitia upande wa bandani. Pikipiki ilikuwepo, turubai limewekwa vizuri kama shuka la hoteli. Nikalifunua.

Uzi mwekundu ulikuwepo. Haukuwa umekatika. Lakini fundo lilikuwa na masikio.

Lazima niwarudishe nyuma kidogo. Meneja alipokuwa mdogo, ndiyo kwanza amejifunza kuvaa viatu, alikuwa akinyemelea vyerehani vya wateja nilivyoviacha ukumbini na kuzungusha magurudumu. Uzi ukikatika anaufunga tena. Na fundo alilolijua maishani mwake ni moja, la kamba za viatu, lenye masikio mawili kama sungura. Mimi nafunga fundo dogo, kichwa cha siafu. Kila mara nilimkamata, na kila mara alilia akiapa kwamba uzi upo, haukukatika, nimemjuaje? Sikumwambia kamwe. Fundi hamalizi siri zake zote. Sasa ana mvi kidevuni na bado hajui.

Nikashika bomba la moshi. Likaniunguza.

Kwenye matairi, tope. Bichi.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi huyu wangu nilimfunga kwenye kanga mwenyewe. Nikaita jina lake jingine la utotoni, lile ambalo hataki wafanyakazi wake walisikie, nikaliita mpaka mbwa wa jirani akaitika. Akatokea mlangoni amevaa ndala, anajifuta uso, na kwenye paji la uso ana alama nyekundu ya helmeti imemzunguka kama taji la mwizi. Nyuma yake akatoka mkewe, ana upawa mkononi.

"Mama! Umekujaje?"

"Kwa miguu uliyoniachia. Nani alikata uzi wangu?"

Akatazama gurudumu, akatulia kabisa, maskini. "Uzi si huo hapo, Mama? Upo."

"Upo. Una masikio."

Hakuelewa. Akajaribu kwingine. "Huwa naiwasha kidogo tu, isigande."

"Na tope hili la wapi? Humu bandani mmelima mpunga?"

Mkewe akashuka ngazi. "Ngoja kwanza. Ndiyo mazoezi yako haya? Ndiyo maana kitambi hakipungui! Miye nakupikia mboga zisizo na mafuta, kumbe unakwenda kupepea?"

Meneja akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Suti haikuwepo, umeneja haukuwepo. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kila mtu ananiuliza niko wapi. Ofisini, nyumbani, kwenye simu. Nikiwa juu ya hii siisikii simu. Nafika mpaka darajani, nageuza. Sina ninachofuata kule."

Mnadhani hapo moyo wangu uliyeyuka. Hapana. Hapo ndipo nilipokasirika kweli.

Maana kama angenizuia kwa woga, ningesema ni mjinga wangu, nimemzaa, nitafanyaje. Lakini huyu alikuwa ameonja! Alijua ladha yake, alijua mpaka daraja langu, alijua hasa ni kitu gani amekifungia bandani, na kila Jumamosi akakifunua, akakila, akakifunika, akanifungia masikio ya sungura, kisha Jumatatu akaniambia, "Mama, pumzika."

"Ulipoona ni kitamu," nikamwambia, "hukukumbuka kuna mtu umempokonya mdomoni?"

"Nilikumbuka."

"Ukafanyaje?"

Akainamisha kichwa. "Nilikwenda mbali zaidi, Mama."

Mkewe akapiga paja kwa upawa, sijui kwa hasira au kwa kicheko.

"Ufunguo," nikasema.

Akautoa mfukoni. Alikuwa akilala nao, nadhani.

"Sasa mpigie mdogo wako. Weka sauti nje, tusikie wote."

Akapiga. Nesi akapokea kwa pupa. "Kaka, mnunuzi yuko tayari, anakuja leo..."

"Mwambie asije."

"Kwa nini tena?"

Akanitazama. Nikamwinulia nyusi.

"Mwenyewe hauzi," akasema.

"Mwenyewe nani? Si tulikaa kikao?"

"Kikao hakikuwa na mwenyewe," akasema Meneja, na akakata. Ni sentensi ya kwanza ya akili niliyoisikia kwake mwaka ule.

Nikaung'ata uzi, nikautema. Nikaitoa pikipiki nje, stendi nikaikanyaga sawasawa, wote wakiangalia. Nikavaa helmeti yangu niliyokuwa nimeiacha kwenye usukani, inanuka manukato yake, kero nyingine hiyo. Meneja akasogea karibu, ameshika usukani upande mmoja kama mtoto aliyeshika upindo wa nguo.

"Mama. Jumamosi moja moja tu, hutaniachia?"

"Popote unapotaka kwenda, mwanangu, sema tu. Nitakupeleka."

Akacheka. Aliona sicheki, akaacha.

"Panda," nikasema.

"Mama, nina ndala. Majirani wananiona."

"Panda nyuma. Ukae ubavu, miguu yote upande mmoja. Hivyo ndivyo nilivyokaa mimi."

Akaingia ndani, akarudi na helmeti mpya inang'aa kama sufuria la bi harusi. Kumbe alishajinunulia na yake, bado haijavaliwa! Ikanipandisha hasira upya, nilikuwa karibu kupoa. Akapanda, akakaa ubavu, mtu mzima na kitambi chake, akanishika kiuno kwa mikono miwili.

Mkewe akatukimbilia getini na upawa wake. "Jamani, mnaenda w..."

Nikapiga kiki.

Sikuwa nimemsamehe, mjue hivyo. Nilipita kwenye mashimo yote ya njia ile, na mimi nayajua yote. Kila shimo alisema "Mama!" na kila shimo niliongeza mafuta. Upepo ukanijaza gauni, barabara yote ikanijia usoni, pana, yangu. Tulipofika darajani akanipigia kelele sikioni, "Mama, mimi sioni kitu huku nyuma, naona shingo yako tu!"

Nikabadilisha gia. Mwache aitazame. Shingo ni shingo.