Mate ya Mzee Nunow

Pale Hadado, mtoto akizaliwa, ngamia akikataa ndama, pikipiki mpya ikifika kutoka Wajir, anaitwa Mzee Nunow ateme mate. Tfu! Baraka imeingia. Ni desturi ya wazee wetu, lakini Nunow alikuwa ameizoea mpaka akipita sokoni kifua kinatangulia, mwenyewe anafuata.

Sasa akaja binti wa Garissa, Iftin, daktari wa utafiti, na gari limejaa vichupa.

"Adeer," akamwambia Nunow, akimwita ami kwa Kisomali, "dawa nyingi zilipimwa kwa miili ya Wazungu. Sisi hatumo. Ndani ya mate kuna habari ya ukoo wa mtu. Kila mtu anipe yake, labda siku moja dawa zitatufaa na sisi."

Nunow akamtupia jicho mkewe, Kaltuma. Kaltuma ana sukari, na dawa anayopewa inamzungusha kichwa. Juzi tu kaanguka na kibuyu cha maziwa. Nunow aliogopa kumpoteza, ingawa kumwambia hivyo kwa mdomo, astaghfirullah, afadhali abebe ngamia mgongoni.

"Toeni mate!" akaamuru. "Hata nyinyi wa ng'ambo ya kisima, ambao hatusalimiani!"

Iftin akagawa vichupa, vijazwe asubuhi kabla ya chai. Asubuhi watu wakafikiria. Kitu kinaenda mbele ya maprofesa, halafu utie mate ya ovyo ovyo? Aibu! Wakapanga foleni kwa Nunow awajazie. Mzee akatema, akalamba ndimu, akatema tena. Na cha Kaltuma akakijaza, kwa mapenzi kabisa.

Miezi ikapita. Iftin akarudi, uso umekunjamana.

"Adeer, wakubwa wangu walitafuta watu tofauti tofauti. Kumbe Hadado nzima ni mtu mmoja! Profesa mmoja ameshaanza kuandika kitabu juu ya kabila hilo la ajabu. Na Mama Kaltuma ni mwanamume."

"Mimi?" Kaltuma akaruka. "Na hawa watoto alizaa nani, huyu?"

Nunow akapiga hesabu. Kwa hiyo dawa ikitengenezwa, itamfaa yeye, ambaye haumwi chochote isipokuwa mdomo.

Iftin akatoa vichupa vipya. Watu wakamgeukia mzee tena. "Yetu hayana kitu," wakasema.

Nunow akasimama katikati ya soko. Akameza mate.

"Sikieni. Baraka yangu imekauka. Kuanzia leo, hata mbuzi asiletwe kwangu."

Khalif, kijana wa pikipiki, akapiga paja. "Wallahi! Ndiyo maana pikipiki yangu ilizima njia ya Elwak!"

Wakacheka mpaka wakalia, na kila mtu akajaza chake. Kaltuma pia.

Asubuhi yake mtoto akazaliwa kwa jirani. Hakuna aliyemwita Nunow. Alikaa mlangoni, kifua kimeingia ndani. Kaltuma akatoka, anaenda kliniki, akainamisha kichwa mbele yake.

"Nitemee kidogo," akanong'ona. "Haraka, mzee, watu wasione."