Dokta Mwaka Mmoja

Kila asubuhi saa moja na nusu, Sista Mkuu wa wodi ya wanawake alihesabu vitanda, akahesabu wagonjwa, wagonjwa wakazidi vitanda, naye akaandika ubaoni kwamba wote wameamka salama. Kisha akazitazama mashine mbili za oksijeni. Moja ilinguruma. Ya pili ilifunikwa shuka tangu vali yake ya kupitisha hewa ilipopasuka, na juu ya shuka kulikuwa na maua ya plastiki, maana meza zilikuwa chache.

Daktari wa mafunzo aliingia wodini humo na mpango wake mkononi: mwaka mmoja wa kuhudumia wagonjwa, apate leseni, kisha ofisini, kwenye idara inayogawa vifaa kwa hospitali zote. Hakuficha. Siku ya kwanza tu aliwaambia wauguzi, nao hawakumcheleweshea jina. Wakamwita Mwaka Mmoja.

"Umesoma udaktari miaka yote hiyo, ukakae na makaratasi?" mama yake alimuuliza. "Makaratasi hata mimi ninayo, nafungia karanga."

"Mama, wodini naokoa mmoja mmoja. Kule sahihi moja inaokoa wodi nzima."

"Haya. Lakini huyo mmoja usimwambie hivyo."

Huyo mmoja alikuwa mke wa mwalimu mstaafu wa hesabu, kitanda cha tisa. Mapafu yake yalikuwa yamechoka, ulimi mzima kabisa. Mashine alipokezana na mwanamke wa kitanda cha kumi, nusu saa huyu, nusu saa yule, na aliyeshika saa ni Mwalimu mwenyewe.

"Ananipunja," mkewe alimshtaki kwa Mwaka Mmoja. "Miaka arobaini na moja ya ndoa, hajanizidishia hata sekunde."

"Nikikuzidishia utanisema," Mwalimu alijibu, macho kwenye saa. "Kitanda cha kumi, zamu yako."

Mwaka Mmoja akajaza fomu ya kuomba vali. Kwenye kona ya juu, kwa wino mwekundu, aliandika HARAKA, akaipigia mistari miwili. Aliipeleka idarani kwa mkono wake.

"Vali ikija, kila mtu atakuwa na mashine yake," alimwambia mke wa Mwalimu.

"Basi nitaisubiri," mgonjwa alisema, kwa sauti ya mtu anayesubiri chai.

Aliisubiri wiki saba. Alifariki Jumatano alasiri, zamu ikiwa ya kitanda cha kumi. Mwaka Mmoja alimwekea stetoskopu kifuani, akasikia kimya, akaandika saa. Alipoiinua, moyo ulikuwa unadunda ndani ya stetoskopu, polepole, ukiruka pigo moja kila baada ya manne, kama ulivyozoea kuruka.

Alimpa Sista Mkuu asikilize.

"Ndiye," Sista Mkuu alisema. "Hii usipimie tena wagonjwa, itakuchanganya. Azima yangu." Akavuta droo ya chini. Ndani mlikuwa na stetoskopu kumi na moja za madaktari waliopita, zote zikidunda, kila moja kwa mwendo wake. "Huwa wanaziacha wakiondoka. Tunazifuta vumbi Ijumaa."

Mwalimu aliendelea kuja saa kumi jioni, muda wa kutazama wagonjwa. Alifuta vya masikioni vya ile stetoskopu kwa leso, akasikiliza nusu saa kamili, akairudisha.

"Anaendeleaje?" wauguzi waliuliza.

"Bado anaruka. Nilimwambia apunguze chumvi."

Mwaka ulipokwisha, Mwaka Mmoja alivuta ile droo ili aiache stetoskopu pamoja na zile nyingine. Mwalimu akamshika mkono.

"Nenda naye, binti yangu. Yeye anasubiri vali, na vali iko huko unakokwenda."

Akaenda naye.

Ofisini kulikuwa na zulia na viti vya kuzunguka. Wiki ya kwanza aliitafuta fomu yake kwenye majalada. Fomu za kawaida zilijibiwa ndani ya siku kumi, na kuna hospitali iliyoomba vali ya aina ileile baada yake, ikapewa. Yake haikuwemo.

"Uliandika haraka?" aliuliza karani wa majalada, mzee mpole ambaye miwani yake ilishikwa na uzi.

"Nikaipigia mistari miwili."

"Lo, dada yangu. Za haraka hazishughulikiwi na mtu mmoja. Zinasubiri Kamati."

"Inakaa lini?"

"Ikitimia. Mwenyekiti alistaafu mwaka juzi."

"Basi nijaze nyingine, isiyo na neno hilo."

"Mashine moja, fomu mbili? Mpaka ya kwanza ifungwe. Na anayefunga ni Kamati."

Kabati la fomu za haraka lilikuwa limejaa hata mlango haufungiki, wakauzuia kwa kiti. Fomu yake ilikuwa ya mia nne na sita, wino mwekundu bado unang'aa. Alimwandikia mkurugenzi barua. Kwa kuwa barua ilihusu fomu ya haraka, waliiweka kabatini.

Siku hizi Mwalimu huja pale ofisini saa kumi. Kwenye daftari la wageni, penye sababu ya kuja, huandika: kumwona mgonjwa. Mlinzi humpa kadi ya kuvaa shingoni. Mwaka Mmoja hufungua droo ya stetoskopu, naye Mwalimu hukaa kwenye kiti cha kuzunguka bila kukizungusha.

"Vali?"

"Bado, Mwalimu."

Hutikisa kichwa, akafuta vya masikioni, akasikiliza. Nusu saa ikifika huivua, hata pigo likiwa katikati, akailaza mezani juu ya makaratasi.

"Zamu ya kitanda cha kumi," husema.

Na wote wawili husubiri nusu saa nyingine, Mwalimu ameshika saa.