Joto la Duara la Nne

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Mdogo aliingia jikoni mwa kantini, akavaa aproni, akakuta herufi H nyekundu bado inawaka kwenye duara la nne. Jiko lilikuwa halijawashwa tangu Ijumaa. Alinyoosha kiganja juu ya kioo bila kukigusa, akahisi joto. Basi akachukua kitambaa, akafuta maduara matatu yaliyokuwa baridi, la nne akaliacha, kwa sababu maelekezo ya ukutani yalisema: ALAMA YA JOTO IKIWAKA, USIGUSE.

Lilikuwa jiko la sumaku, bamba jeusi la kioo lenye maduara manne, lisilo na moto wala waya wa kuwaka. Jiko la namna hii huchemsha sufuria yenyewe, na kioo hupata joto la kuazima tu kutoka kwenye sufuria hiyo. Ukiiondoa, joto la kuazima hurudi lilikotoka, na baada ya nusu saa hivi herufi H huzimika. Halina swichi ya kuzungusha. Lina alama zilizochorwa ukingoni mwa kioo, nawe unazigusa kwa ncha ya kidole: ya kuwasha, ya kuongeza, ya kupunguza, ya nguvu za ziada, na ya kufuli. Hiyo ya kufuli ndiyo yenye akili kuliko wenzake. Ukiishikilia kwa sekunde tatu, alama nyingine zote zinakuwa viziwi, na unaweza kufuta kioo kwa kitambaa kibichi bila jiko kujiwasha. Ukitaka kupika tena, unaishikilia sekunde tatu nyingine.

Sekunde hizo tatu ndizo zilizomuudhi meneja wa kantini. Wafanyakazi walimwita Sekunde, lakini asipokuwepo tu, kwa sababu alitembea na saa ya kupimia mbio shingoni kama mwalimu wa michezo. Siku moja alisimama jikoni kutwa nzima akihesabu, akagundua kwamba wapishi hufunga na kufungua jiko mara hamsini kwa siku.

"Watu wako kwenye foleni, nyinyi mnabembeleza kufuli?" alisema.

Akakata kipande cha utepe mnene wa gundi, akakikunja mara tatu, akakibandika juu ya alama ya kufuli. Tangu siku hiyo jiko lilifutwa likiwa macho.

Mpishi mkuu alikuwa dada yake Mdogo, baba mmoja mama mmoja. Jikoni kila mtu alimwita Dada, hata wale waliomzidi umri, na mdogo mtu, aliyeletwa na dada yake kuosha vyombo, akabaki kuitwa Mdogo. Dada alimwendea meneja mara mbili kuhusu ule utepe.

"Bosi, hiki kioo tunakifuta kwa maji na sufuria ziko juu. Kidole kikiteleza je?"

"Kisiteleze," alisema Sekunde.

Ijumaa kiliteleza. Maji ya viazi yalimwagika, Dada akayafuta haraka, kitambaa kikapita juu ya alama ya nguvu za ziada upande wa duara la nne, ambako sufuria ya mafuta ilikuwa imekaa ikisubiri zamu yake. Akageuka kukata vitunguu. Aliporudi mafuta yalikuwa yakitoa moshi, na alipoishika sufuria kuiondoa, ikainama, mafuta yakammwagikia mkono wa kulia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Zima," na Mdogo akazima.

Hospitali walimwambia ngozi itapona lakini vidole vitajikunja vibaki hivyo, visipopasuliwa na kunyooshwa. Wangempasua bila shida yoyote, ila waliomba fomu ya ajali kutoka kazini. Fomu ikisema kosa ni la kazini, mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji. Ikisema kosa ni lake, anarudi nyumbani na kopo la mafuta ya kupaka.

Jumamosi Sekunde alimwita Mdogo jikoni, wakiwa wawili tu, akampa wembe.

"Kwangua huo utepe. Usiache hata alama ya gundi."

Mdogo alikwangua. Kisha Sekunde akaweka fomu juu ya meza ya kukatia mboga. Ilikuwa imeshajazwa: Mhusika hakutumia kufuli la jiko, ingawa lilikuwepo na lilikuwa linafanya kazi. Chini yake palikuwa na mstari wa shahidi.

"Nyumba yenu ina watu wangapi wanaofanya kazi?" aliuliza Sekunde.

"Wawili."

"Kuanzia jana ni mmoja. Sitaki nisikie kwamba kuanzia leo hakuna."

Mdogo akasaini. Aliandika jina lake lote, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na dada yake wakati mama yao alipokuwa ameshafariki na hakukuwa na mtu mwingine wa kumfundisha. Kikulacho ki nguoni mwako, na Mdogo alijua nguo ilikuwa ya nani. Aliondoka pale akiwa na hasira ya kutosha kuchemsha pipa la maji, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe.

Kwa hiyo Jumatatu alipoikuta ile H inawaka, hakuuliza.

Jumanne akaitwa fundi. Fundi alikata umeme wa jiko, akasubiri, akanywa chai. Herufi ilikuwa bado inawaka. Alilichomoa jiko kwenye meza yake, akalitoa nje pamoja na waya zake, akalisimamisha ukutani karibu na mapipa ya taka. Paka wa jirani akaja akalala mbele ya duara la nne, akajinyoosha kwa raha zake.

"Umeme hakuna," fundi alimwambia Sekunde. "Joto lipo."

"Linatoka wapi?"

"Hilo si joto la jiko. Ni la mtu."

"Linatengenezeka?"

"Mimi ni fundi umeme," alisema fundi. Akamfukuza paka, akalirudisha jiko mahali pake, akaandika kwenye karatasi yake kwamba kifaa ni kizima.

Alhamisi alikuja mkaguzi wa usalama, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alifungua kitabu cha maelekezo, akapima kila kitu kwa zamu. Alama ya kuwasha, sawa. Ya nguvu za ziada, sawa. Aliishikilia alama ya kufuli, akahesabu tatu, taa ndogo ya ufunguo ikawaka. Sawa. Alipofika kwenye H alisogeza kiganja, akahisi joto, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Alama ya joto inafanya kazi barabara," alisema. "Majiko mengi siku hizi yana joto na hayasemi."

Hakuuliza joto lilikuwa la nini, wala aliyeungua yuko wapi. Asiyekuwepo na lake halipo. Aligonga muhuri. Gari lake lilikuwa halijafika getini Sekunde alipotoa utepe mfukoni, akaukunja mara tatu, akaubandika palepale.

Wiki zikapita. Duara la nne halikupoa, na watu wakalizoea kama wanavyozoea mlango unaolia. Sekunde ndiye aliyeligundulia kazi. Aliamuru sahani zote zipangwe juu yake kuanzia saa nne, ili chakula kisipoe kwenye foleni, akawaambia wakubwa wake wa ghorofani kwamba amebuni njia ya kupasha sahani bila kutumia umeme. Wakampongeza kwa barua. Aliibandika ukutani, chini ya maelekezo, na kwenye yale maelekezo akaongeza kwa mkono: ALAMA YA JOTO IKIWAKA, USIGUSE, ISIPOKUWA SAHANI.

Mdogo ndiye aliyezipanga sahani na kuzipangua. Mara ya kwanza kuishika sahani moja kutoka pale, alilijua lile joto. Lilikuwa la kiganja kilekile kilichowekwa kwenye paji la uso wake akiwa na miaka saba, akitetemeka kwa homa, na sauti ikasema, "Bado kidogo, itashuka." Akaiweka sahani kwenye kaunta. Mhasibu mmoja akaichukua, akaomba aongezewe mchuzi.

Nyumbani Dada alikaa dirishani na mkono wake wa kulia ndani ya soksi mbili za sufu. Kidonda kilikuwa kimefunga. Vidole vilikuwa vimejikunja vyote vitano, kama mtu aliyeshika kitu kidogo asichotaka kionekane. Na mkono ulikuwa baridi. Waliuweka juani, wakauweka kwenye maji ya moto, maji yakapoa. Hospitali walisema bado wanasubiri fomu ikamilike, maana ilikosa saini ya mgonjwa mwenyewe.

"Dada," alisema Mdogo jioni moja, akimsokota nywele. "Joto lako liko kazini."

"Najua," alisema Dada. "Niliacha mengi kule. Hata kisu changu."

Mdogo alifungua mdomo amwambie kuhusu saini. Akaufunga, akaendelea kusokota.

Siku ya pili yake wakaenda wote wawili, wakapitia mlango wa nyuma wa kantini saa nne na robo. Wapishi walimsalimu Dada, wakamuuliza hali, wakarudi kwenye viazi vyao. Mmoja alimletea kisu chake, kimefungwa kwenye kitambaa safi. Mdogo alipangua sahani kutoka duara la nne. Dada akavua soksi ya kwanza, akavua ya pili, akaulaza mkono juu ya ile H nyekundu.

Haukuungua. Kwa muda hakuna kilichotokea, isipokuwa rangi ya ngozi ilianza kurudi. Halafu kidole gumba kikanyooka, cha shahada kikafuata, na vingine vikaja kimoja kimoja bila haraka, hadi kiganja chote kikawa kimelala wazi kwenye kioo. Dada alivuta pumzi ndefu. Mdogo alilia waziwazi, na mpishi wa mayai akamsogezea kitambaa cha kufutia meza.

"Sahani mbona ziko chini?" Sekunde alikuwa mlangoni. Alimwona Dada, akautazama mkono, akaibonyeza saa yake. "Haya, dakika kumi, si zaidi. Na vizuri umekuja. Vidole vimefunguka? Basi unaweza kushika kalamu."

Alikwenda ofisini, akarudi na fomu, akaiweka kwenye meza ya kukatia mboga. Dada aliisoma bila kuuondoa mkono wa kulia juu ya kioo, akiishika karatasi kwa wa kushoto. Alisoma pole pole, maana mambo ya kuandikwa hakuyadharau. Alipofika chini alimgeukia Mdogo.

"Hii saini ni yako?"

"Ni yangu, Dada," alisema Mdogo.

"Lini?"

"Siku ya pili yake. Na utepe niliukwangua mimi."

Dada aliitazama tena ile saini, herufi kwa herufi.

"Umeandika vizuri," alisema.

Ni heri angemzaba kibao. Mdogo aliutaka huo moto wa kibao, akausubiri, haukuja. Dada aliiweka fomu mezani bila kusaini. Kwa mkono wa kulia, ambao ulikuwa mkono tena, alibandua utepe kwenye kioo, akaweka kidole juu ya alama ya kufuli. Moja. Mbili. Tatu. Taa ndogo ya ufunguo ikawaka, jiko likafungwa. Jikoni hakuna aliyekata kitu kwa sekunde hizo tatu.

"Kumbe linafanya kazi," alisema Dada.

"Si ndivyo tulivyoandika?" alisema Sekunde, tena kwa furaha. Akaivuta fomu, akaongeza mstari chini: Mhusika amefika mwenyewe na kuthibitisha mbele ya mashahidi kwamba kufuli linafanya kazi. Amekataa kusaini. Akamgeukia Mdogo, akamnyooshea kalamu. "Shahidi."

"Sisaini," alisema Mdogo.

"Nini?"

"Sisaini! Utepe uliubandika wewe, na umo mkononi mwa dada yangu, na kila mtu humu anauona. Mimi nilikuwa mwoga, sikuwa kipofu. Andika hilo!"

Sauti yake iligonga masufuria. Wapishi walitazama viazi. Sekunde hakukasirika. Aliifunga kalamu, akaitia mfukoni, akaikunja fomu mara tatu.

"Haidhuru," alisema. "Saini yako ya kwanza inatosha."

Saa yake ikalia, dakika kumi zikawa zimekwisha. Dada aliinua mkono kwenye kioo. Vidole vilianza kurudi kimoja kimoja, kidogo cha mwisho kikiwa cha kwanza, na gumba likaja kuvifunika. Akavaa soksi ya kwanza. Ya pili Mdogo alimvalisha, na Dada akamwacha amvalishe, akaondoka na kisu chake kwapani. Sekunde alilifungua kufuli kwa sekunde tatu alizozihesabu kwa hasira, akakata utepe mpya.

Fomu ilifika hospitali wiki hiyohiyo. Walijibu kwa kutuma kopo la mafuta ya kupaka.

Siku kopo lilipofika, saa saba foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mdogo alizitoa sahani kwenye duara la nne, mbili mbili, akizishika chini kwa viganja vyote viwili kadiri alivyoweza kuvumilia, akijaribu kuiba joto kidogo la kwenda nalo nyumbani. Lilipotea kila aliposhika maji ya kuoshea vyombo. Sekunde alipewa sahani yake wa kwanza, kama kawaida. Aliishika, akaizungusha vidoleni.

"Leo ina joto zuri," alisema.

"Ni la dada yangu," alisema Mdogo.

"Basi mpe salamu," alisema Sekunde, akaenda kukaa karibu na dirisha.