Tundu la Mwisho wa Ufa

Walimwita Msasa kwa mambo mawili, kazi yake na mdomo wake. Vyote vilikwaruza. Alitengeneza dashibodi zilizopasuka, peke yake, kwenye kibanda cha mabati chenye viti viwili. Kimoja chake. Cha pili cha mteja, ila wateja wengi waliacha gari wakaondoka, kwa hiyo kilikaliwa na makopo ya rangi.

Asubuhi hiyo aliyashusha makopo mbio. Teksi ya baba yake ilikuwa inaingia.

Tangu mama afariki na baba aoe tena ng'ambo ya mji, mzee hakuwa mtu wa kuja kusalimia. Alikuja gari likiumwa. Mwaka mzima mara mbili: kitasa cha mlango, kisha kiti.

"Usipoziba ufa..." baba alianza kabla hata hajashuka.

"Utajenga ukuta, najua. Hiyo imechacha, baba. Kitambaa nilichokupa cha kufunikia dashibodi kiko wapi?"

"Mama yako mdogo amekitandika mezani."

"Basi meza haitapasuka. Na haya? Umepaka tena mafuta ya kupikia?"

"Si inang'aa?"

"Unaikaanga, mzee wangu! Mafuta juu, jua juu yake, unategemea nini?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Akaketi, akavua viatu.

Msasa akafuta mafuta, akaupanua ufa kwa kisu. Sasa kabla ya kujaza gundi kuna jambo moja. Kila ncha ya ufa unaitoboa kitundu kwa drili, kidogo kama kichwa cha kiberiti. Ufa ukifika hapo unakwama. Usipotoboa, unauziba leo, kesho juani unaendelea na safari yake.

Alitoboa ncha ya upande wa abiria. Akaipeleka drili kwenye ncha ya upande wa dereva. Baba alikuwa anasimulia habari za abiria aliyesahau meno ya bandia kiti cha nyuma, huku kidole gumba kikichungulia kwenye soksi iliyotoboka.

Msasa akaiweka drili chini, ncha ile hajaitoboa.

Kwa jua hili, wiki mbili tu, akajiambia. Atarudi.

Akajaza, akasubiri ikauke, akapiga msasa, akapaka rangi. Polepole. Baba akapitisha kiganja. "Hata kovu hakuna! Hawa wenzangu lazima waone. Shule uliikimbia, lakini mikono unayo."

Wiki ya pili Msasa alikifuta kile kiti kila asubuhi. Ya tatu akanunua kikombe cha pili. Ya tano akafunga kibanda, akaenda kituo cha teksi.

Alichungulia dirishani mwa gari la baba kabla hata ya kusalimu. Ufa ulikuwa umetembea, umetoka nje ya kazi yake kiasi cha shubiri. Mtu mwingine ameuziba, rangi kama tope. Na pale mwisho, kitundu. Mtu huyo alitoboa.

"Nani kafanya hivi?"

Baba, aliyekuwa kwenye usukani bila viatu, akainamisha macho kama mtu aliyefumaniwa. "Fundi wa kona ile. Ulifunguka wiki ya pili, mwanangu. Nikaona nikikurudishia utaumia. Wenzangu nimewaambia niliigonga mwenyewe."

"Si ungekuja tu."

"Nije kukuaibisha?"

"Ile ncha sikuitoboa, baba. Makusudi."

"Makusudi? Kwa nini?"

Msasa, aliyezoea kuwaambia watu ukweli mpaka wakahama fundi, aligeuza macho. Akatazama soksi za baba. Mpya.

Abiria akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akataja anakokwenda. Baba akawasha gari, bado anamwangalia mwanawe.

"Nitapita," alisema.

"Gari likiharibika?"

Abiria akagonga kiti kwa kidole. Teksi ikaondoka, ikaacha tone la oili pale iliposimama.

Kibandani, kiti cha pili kilikuwa kisafi, kitupu. Makopo ya rangi yalikuwa bado sakafuni, yamemzibia njia. Msasa akayaruka, akayaacha hapo hapo.